Mjapani Yule Alifungisha Hamira, Si Watu



 Leo nina neno refu kidogo. Naomba unisomee mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna kosa langu mimi mwenyewe, na sitaki wewe ulirudie.

Ule ujumbe unaujua. Kila mwaka Shaaban ikiandama, unaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Una picha ya mzee wa Kijapani mwenye ndevu nyeupe na miwani. Unasema mwanasayansi huyu amepewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba mtu akishinda na njaa, seli zake nzima zinakula seli mbovu, saratani inakufa na sukari inapona. Chini yake imeandikwa kuwa sisi Waislamu tulikuwa tunayajua haya tangu miaka 1400 iliyopita. Halafu mwisho: watumie ndugu zako kumi upate thawabu.

Mimi niliutuma. Tena sikuishia kuutuma. Nilikaa mbele ya watu, kwenye darsa la baada ya Alasiri, siku ya kwanza ya Ramadhani, nikausoma kwa sauti na kuufafanua. Watu wakapiga takbiri. Nikafurahi, nikaona darsa limefana.

Kwenye safu ya kwanza alikuwepo mzee mmoja ambaye mimi humwita Baba, kwa umri wake na kwa heshima yake. Ana kisukari miaka mingi. Yeye aliyasikia maneno yangu, akayachukua kama mtu anavyoyachukua maneno ya imamu wake, yaani akayafanyia kazi. Akajipigia hesabu: ikiwa njaa ni dawa, basi njaa ndefu ni dawa zaidi. Akaacha kula daku. Usiku akawa anakula futari kidogo, anameza kidonge chake cha kushusha sukari, analala mpaka adhana ya Alfajiri. Siku ya nne, baada ya Adhuhuri, akaanza kutoka jasho na kutetemeka. Wajukuu wakadhani ni joto. Saa 9 alasiri akaanguka mlangoni kwake, anaongea maneno yasiyoeleweka. Binti yake ni muuguzi, na kwa rehema ya Allah siku hiyo alikuwa nyumbani. Akamchoma kidole, kipimo kikasoma 2.1. Wenye wagonjwa wa kisukari mnaijua maana ya namba hiyo. Walimkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu ya sukari, akazinduka. Alhamdulillah, yuko hai.

Usiku ule baada ya Tarawehe yule binti alikuja nyumbani kwangu.

"Shikamoo, Ustadh."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Alhamdulillah. Ustadh, nimekuja kwa adabu, naomba usinikasirikie. Baba anasema wewe ndiye uliyemwambia njaa inatibu sukari."

Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha ule ujumbe kwenye simu. Akausoma, akanirudishia, akasema neno ambalo mpaka leo linanipigia masikioni: "Ustadh, huyu Mjapani hakufungisha watu. Alifungisha hamira."

Ndugu yangu msomaji, mimi elimu yangu ni madrasa na sekondari. Baiolojia niliiacha kidato cha nne. Lakini tangu usiku ule nimekaa na binti yule na wengine wenye elimu hii, nikauliza na kusoma, kwa sababu niliona nina deni. Leo nakulipa wewe sehemu ya deni hilo.

Tuanze na isnadi. Wanazuoni wetu wa hadithi hawakukubali habari mpaka waulize: umeisikia kwa nani, na yeye kwa nani, na huyo wa mwanzo alisema nini hasa? Basi tuufanyie ujumbe huu vivyo hivyo.

Mtu mwenyewe yupo na ni mkweli katika kazi yake. Anaitwa Yoshinori Ohsumi, amezaliwa Fukuoka, Japani, mwaka 1945. Tuzo ya Nobel ya Tiba alipewa kweli, mwaka 2016, peke yake bila mshirika. Mpaka hapo ujumbe umesema kweli. Kuanzia hapo unapotea njia.

Mwaka 1988 Ohsumi alianzisha maabara yake katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Akachukua hamira, hii hii tunayotia kwenye maandazi na mkate wa ufuta. Hamira ni kiumbe hai, seli moja tu, na ndani yake mna mfuko wa kumeng'enyea taka. Akachagua hamira iliyokosa vimeng'enya vya mfuko huo, ili taka zikiingia zisiyeyuke. Akainyima chakula, kisha akatazama kwa hadubini. Ndani ya saa chache mfuko ulikuwa umejaa punje punje: seli ilikuwa imefungasha vipande vyake yenyewe na kuvipeleka kuvunjwa. Aliyatangaza hayo mwaka 1992. Mwaka uliofuata, 1993, akatangaza jeni 15 ambazo bila hizo kazi hiyo haifanyiki. Baadaye ikaonekana kuwa jeni za namna hiyo zipo pia kwa panya na kwa binadamu, na kazi yao ni ile ile.

Kazi hiyo inaitwa otofajia, maana yake kujila. Na jina hilo si lake yeye. Lilitolewa mwaka 1963 na Mbelgiji, Christian de Duve, ambaye mwaka 1955 alikuwa ameshatangaza kuwepo kwa lisosomu, yaani vifuko vyenye tindikali ndani ya seli zetu vinavyomeng'enya taka. Naye alipewa Nobel mwaka 1974.

Basi katika kazi iliyompa Ohsumi tuzo, hakuna Ramadhani. Hakuna saa 16. Hakuna mgonjwa wa saratani aliyepona wala wa kisukari aliyeacha dawa. Kuna hamira, na kuna mtu aliyeitazama kwa subira miaka mingi. Waliomwongezea maneno mengine ni watu ambao hatuwajui majina, na sisi tukayapokea kwa sababu yalitufurahisha. Habari ya kukufurahisha ndiyo inayotaka kuhakikiwa zaidi, maana moyo wako hautaki kuihakiki.

Sasa nikueleze kinachotokea kweli ndani ya mwili wako, kwa sababu ukweli wake ni mkubwa kuliko ule ujumbe.

Mwili wako una seli zinazohesabiwa kwa matrilioni. Karibu kila seli yenye kiini ina kitabu kizima cha maagizo, DNA, ndani yake mna jeni kama 20,000 za kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya jicho zina kitabu kile kile. Tofauti yao ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Na kitabu hakitolewi nje ya kabati. Ukurasa unaotakiwa unanakiliwa, nakala hiyo ndiyo RNA, inatoka nje ya kiini, inasomwa, na kwa maagizo yake protini inaundwa.

Sisi tuliosoma chuo cha zamani tunaukumbuka ubao. Mwalimu anakuandikia somo kwa wino, unalisoma mpaka unalihifadhi, kisha unakwenda kuuosha ubao kwa maji ili uandikiwe somo jingine. Mtoto asiyeosha ubao wake hapati somo jipya. RNA ndiyo ubao huo. Nakala inaandikwa, inasomwa, inafutwa. Nyingine zinadumu dakika, nyingine saa, nyingine siku. Isingefutwa, seli ingeendelea kufanya leo agizo la juzi. Na kuna vipande vidogo sana vya RNA ambavyo kazi yao ni kuzinyamazisha nakala hizo au kuharakisha kufutwa kwake. Waliogundua hayo, Victor Ambros na Gary Ruvkun, Wamarekani, waliyaona kwa mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja hivi, wakatangaza mwaka 1993, na Nobel wakaipata mwaka 2024. Miaka 31 baadaye.

Protini nazo zina ajali zake. Protini iliyochakaa, au iliyokunjwa vibaya, au iliyomaliza kazi, inabandikwa alama. Alama hiyo ni protini ndogo iitwayo yubikwitini. Iliyobandikwa alama inapelekwa kwenye kinu chenye umbo la pipa, proteasomu, inakatwakatwa, na vipande vyake vinatumika kujenga protini mpya. Watatu waliolifichua hilo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Nobel ya Kemia mwaka 2004. Mtu mzima huvunja na kujenga upya gramu 200 hadi 300 za protini kila siku, na hali protini anayokula ni gramu 70 hivi. Maana yake sehemu kubwa ya ujenzi wa mwili wako leo ni matofali ya jana.

Proteasomu inaokota taka moja moja. Otofajia ni lori la taka. Kifaa kikubwa kikichakaa, kwa mfano kinu cha nishati ndani ya seli, utando unajikunja pembeni yake, unakizunguka, unakifunga kama kifurushi, unakipeleka kwenye lisosomu, kinayeyushwa. Chembe nyekundu za damu yako zilipokuwa zinakomaa zilitolewa vinu vyao vya nishati kwa njia hii, zikaenda kubeba hewa mwilini kwa siku 120 hivi.

Nani anaamua lori litoke au lisitoke? Kuna msimamizi anaitwa mTOR. Ukila, insulini inapanda, amino asidi zinajaa, mTOR anaamka na kusema: jengeni, malori yapunguzwe. Chakula kikipungua, mTOR ananyamaza, na mwenzake anayepima upungufu wa nishati, AMPK, anaanza kusema. Hapo malori yanaongezeka. Tena mTOR akinyamaza, protini iitwayo TFEB, ambayo alikuwa ameizuia mlangoni, inaingia kwenye kiini na kuagiza nakala za RNA za kuundia lisosomu zaidi. Yaani seli haifungui tu jaa lililopo, inaagiza na majaa mengine yajengwe.

Subhanallah. Hamira haina ubongo, haina nia, wala haijui Ramadhani. Nani aliyeifundisha?

Na hapa ndipo nataka utulie na mimi, ndugu yangu. Otofajia haisubiri wewe ufunge. Inafanya kazi sasa hivi unaposoma, hata kama umetoka kula pilau. Njaa inaiongeza tu. Na inafanya kazi kwa asiyekuwa Muislamu, kwa mnyama, kwa mtoto mchanga. Mwaka 2004 watafiti wa Kijapani, akiwemo Noboru Mizushima, walionyesha jambo lililoniliza. Mtoto wa panya anapozaliwa, kitovu kimekatika, chakula cha mama kupitia kondo kimekoma, na maziwa bado. Katika saa hizo za mwanzo otofajia inapanda sana katika seli zake, anajilisha kwa akiba ya mwili wake mwenyewe. Wale waliozaliwa bila jeni moja ya otofajia walikufa ndani ya siku moja.

Basi hii ni rehema ya Mola kwa viumbe Wake wote, ya kumvusha kiumbe kutoka riziki moja hadi riziki nyingine. Sisi tumeichukua rehema hiyo ya wote, tukaifanya cheti cha kuwashindia wengine kwenye mabishano ya mitandaoni. Je, huko si kuipunguza?

Tuje kwenye madhara, maana hapa si suala la kukosea jina la mtu tu. Ujumbe unasema kusafisha kukizidi ndiyo afya inazidi. Si hivyo. Mambo haya yamewekwa kwa mizani, na mizani ina pande mbili.

Chukua saratani. Mwaka 1999 Beth Levine na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa jeni moja ya otofajia inasaidia kuzuia uvimbe, na kwamba katika saratani nyingi za matiti jeni hiyo imepungua. Ukiishia hapo utasema ujumbe uko sawa. Lakini uvimbe ukishakua, seli za saratani nazo zinakosa chakula katikati ya uvimbe, nazo zinaitumia otofajia ile ile kuishi na kuvumilia dawa. Ndiyo maana madaktari wamekuwa wakijaribu dawa za kuizuia otofajia kwa wagonjwa wa saratani, pamoja na dawa zao nyingine. Unajua wanajaribu dawa gani? Ndugu yake klorokwini. Ile klorokwini chungu tuliyomezeshwa utotoni kwa ajili ya malaria mpaka tukajikuna mwili mzima, inaharibu tindikali ya lisosomu, lori linafika jaani na taka haziyeyuki. Sasa mwambie mgonjwa wa saratani kwamba Nobel imethibitisha njaa itaua uvimbe wake, aache dozi ashinde na njaa. Umemwambia kitu ambacho madaktari wenyewe wanahofia huenda ndicho kinachomsaidia adui yake.

Au chukua ile alama ya yubikwitini. Kuna protini mlinzi iitwayo p53, kazi yake kusimamisha seli iliyoharibika isizaane. Kirusi cha papiloma kikimwingia mwanamke na kudumu kwenye mlango wa kizazi, protini yake moja inaishika mashine ya seli na kuilazimisha imbandike mlinzi yule alama ya taka. Mlinzi anatupwa kwenye kinu kama uchafu, na seli mbovu zinabaki bila wa kuzizuia. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, na ndiyo maana tangu 2018 wasichana wa Tanzania wanachanjwa dhidi ya kirusi hicho. Umeona? Usafi ule ule uliowekwa kwa ajili ya uhai, ukipotoshwa unakuwa mlango wa maangamizi. Kinacholinda mwili ni kipimo, si wingi.

Na zile saa? Saa 13, saa 16, saa 72 zinazoandikwa kwenye picha? Kipimo cha kawaida cha hospitali cha kukuonyesha otofajia yako imepanda kiasi gani leo hakuna. Sehemu kubwa ya tunayoyajua imepimwa kwenye hamira, kwenye seli za maabara na kwa panya. Panya walinyimwa chakula saa 24 na 48, muda ambao kwa mwili mdogo kama ule ni mrefu mno, na hata hapo tishu hazikujibu sawasawa. Mfungo wetu huku Afrika Mashariki ni saa 13 na nusu hivi, na usiku tunakula. Mwili una mabadiliko, hilo sikatai. Insulini inashuka, akiba ya sukari kwenye ini inatumika, mafuta yanaanza kuchomwa. Utafiti unaendelea. Lakini kati ya "utafiti unaendelea" na "sukari inapona" kuna uwanja mpana, na Baba yangu wa safu ya kwanza aliangukia katikati ya uwanja huo.

Mtu ataniambia: "Ustadh, kuna ubaya gani? Si tunawatia watu moyo wafunge?" Swali hili nilijiuliza na mimi, na majibu niliyoyapata ni matatu.

La kwanza, funga ya Ramadhani imefaradhishwa ili tupate uchamungu. Hayo ndiyo maelezo ya Mola Mwenyewe katika Suratul Baqara, aya ya 183. Hakuiambatanisha na seli wala na saratani. Ukimjenga kijana afunge kwa sababu ya Nobel, umemjengea nyumba kwenye mchanga. Kesho atatokea mtafiti mwingine aseme faida ile haipo, au ipo hata kwa kufunga siku mbili kwa wiki na kunywa maji. Kijana wako atafanya nini? Atakula mchana? Elimu ya watu inasahihishwa kila siku, na huo ndio uzuri wake. Ibada yako usiifunge kamba kwenye kitu ambacho kazi yake ni kusogea.

La pili, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kula daku na akatuambia kuwa ina baraka. Tazama ujumbe ule ulichofanya: uliotumwa kwa jina la kuitetea Sunna ulimfanya mzee wa Kiislamu aiache Sunna, ili aongeze saa za njaa zisizotakiwa na sheria. Tulitaka kuitetea dini kwa uongo, uongo ukala dini.

La tatu, sheria ina rehema yake na ujumbe unaifuta. Aya zinazofuata ile ya 183 zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa atoe fidia ya kumlisha maskini. Ukishamwambia mgonjwa kuwa njaa ndiyo dawa yake, ruhusa ya Allah ataiona kama udhaifu wa imani. Atajiumiza akidhani anajikurubisha.

Nasi tumeamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki tunajuta. Aya hiyo naisomesha miaka thelathini. Nilikuwa nadhani inazungumzia vita na fitina. Sikujua inazungumzia na kidole changu kwenye simu.

Basi nakuusia mambo machache.

Ujumbe wa "sayansi imethibitisha" ukikufikia, uliza maswali matatu kabla ya kuutuma. Nani hasa aliyesema, na alisema nini kwa kinywa chake? Alipima kwa nani: watu, panya, au hamira? Na mgonjwa dhaifu kuliko wote kwenye simu yako akiufanyia kazi leo, atapatwa na nini? Ukishindwa kujibu moja, futa. Kunyamaza nako ni amana.

Kama una kisukari, nenda kwa daktari wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, si siku ya kuandama mwezi. Dawa nyingine zinabadilishwa muda au kipimo, na usibadilishe mwenyewe. Kuna wagonjwa wataambiwa wanaweza kufunga salama, na wengine wataambiwa hatari ni kubwa wasifunge, hasa wanaotegemea insulini na wanaoshukiwa na sukari mara kwa mara. Ukifunga, kula daku, uichelewe. Pima sukari mchana. Kuchoma kidole hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, au ukitetemeka na kutoka jasho, fungua pale pale. Usisubiri Magharibi. Nafsi yako si mali yako ya kuichezea.

Na sisi maimamu na maustadh wenzangu: watu hawayapimi maneno yetu, wanayameza. Kabla ya kuleta habari za maabara msikitini, tumuulize binti yetu muuguzi, tumuulize kijana wetu aliyesoma. Hakuna aibu. Kumuuliza mwenye kujua ni amri.

Mimi kesho yake, baada ya Alasiri, nilikaa mahali pale pale mbele ya watu wale wale, nikasema: jana nilikuwa imamu wenu, na juzi juzi hapa niliwaambia jambo nisilolijua, leo naliondoa. Hawakupiga takbiri. Mmoja aliinamisha kichwa, mwingine akatoa simu akaanza kufuta. Hilo lilinitosha.

Baba aliporudi nyumbani nilikwenda kumuona. Daktari alikuwa amemkataza kufunga mwezi ule wote. Nilimkuta saa 6 mchana amewekewa uji, kijiko kiko mkononi, machozi yanamtoka. Akaniambia hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu abaleghe. Nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia: "Baba, Aliyekuamrisha ujizuie miaka yote ile ndiye aliyekuruhusu ule leo. Ulimtii kwa kujizuia, sasa mtii kwa uji huu." Akasema bismillah, akala. Nami nikakaa pale mpaka akamaliza.

Ewe Mola, tufundishe yanayotunufaisha, na utunufaishe kwa uliyotufundisha. Waponye wagonjwa wetu, utusamehe kwa tuliyoyasema bila elimu na tuliyoyatuma bila kuhakiki, na utufikishe Ramadhani tukiwa wazima, tunafunga kwa ajili Yako tu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Allah ndiye Mjuzi zaidi.